Paa la Rangi ya Chungwa: Miaka 100 ya Mgahawa wa Howard Johnson

Aiskrimu ya Howard Johnson ina asili mbili, na haiwezekani zote zikawa kweli. Ya kwanza inasema namna ya kuitengeneza ilitoka jikoni kwa mama yake. Ya pili inasema aliinunua kwa dola 300 kutoka kwa mzee wa Kijerumani aliyekuwa akiuza aiskrimu kwa mkokoteni. Zote mbili zimechapishwa mara nyingi, na kila mwandishi huchukua inayompendeza. Mimi naegemea kwa mzee wa mkokoteni, kwa sababu moja tu: hadithi ya mama husimuliwa na kila auzaye chakula duniani.

Lisilo na ubishi ni kwamba mwaka 1925 Howard Deering Johnson, akiwa na miaka 28, alikopa dola 2,000 akanunua duka dogo la dawa mtaani Wollaston, katika mji wa Quincy, kusini kidogo ya Boston, jimbo la Massachusetts. Hakuwa mtu wa vyeti. Aliacha shule mapema ili amsaidie baba yake katika biashara ya sigara nene za kusokota, akaenda Ufaransa kupigana Vita Kuu ya Kwanza, na baba alipofariki akamwachia biashara iliyozama kwenye madeni. Alianza Wollaston huku akidaiwa huku na huku.

Duka liliuza magazeti, peremende na dawa, lakini fedha ilionekana mahali pamoja: kwenye kaunta ya soda, pale mteja anapokaa kwenye kiti kirefu akahudumiwa kinywaji baridi au aiskrimu. Johnson aliliona hilo mapema. Akashuka kwenye chumba cha chini ya duka, akaanza kutengeneza aiskrimu yake mwenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Siri yake haikuwa ya ajabu. Aliongeza mafuta ya maziwa hadi karibu mara mbili ya yaliyokuwa kwenye aiskrimu za wenzake, akatumia vionjo halisi badala ya vile vya bandia. Mafuta yakizidi, aiskrimu inakuwa laini mdomoni, haiwi na chembe za barafu zinazokwaruza ulimi, na ladha inakaa. Kwa kulinganisha, kanuni za Marekani za leo zinataka aiskrimu iwe na angalau asilimia 10 tu ya mafuta hayo ili istahili kuitwa aiskrimu. Kwa hiyo kitu kilichomtoa Johnson kilikuwa gharama ambayo wenzake waliogopa kuibeba.

Vikafuata vibanda vya ufukweni Wollaston, ambako watu wa Boston walikuja kupunga upepo wakati wa kiangazi, na orodha ya ladha ikarefuka mpaka ikafika 28. Namba hiyo ikawa nembo, ikaandikwa kwenye mabango na kwenye menyu. Hata kijiko cha kuchotea kilikuwa cha kwao: kilitoa tonge lililochongoka juu kama pia, badala ya la mviringo, na pembeni likachomekwa biskuti. Waliokula huko utotoni wakianza kukumbuka, ndiyo mambo wanayoanza nayo. Watakutajia biskuti kabla ya ladha.

Mgahawa kamili wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1929, katikati ya Quincy, ndani ya jengo la ghorofa kumi la benki ya Granite Trust. Humo ndimo menyu ilipojaa vyakula vya pwani ya New England: chaza wa kukaangwa, maharage, pai za kuku, soseji. Hapo bahati ikamwangukia Johnson kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Meya wa Boston, Malcolm Nichols, alikuwa amepiga marufuku tamthilia ya Eugene O'Neill iitwayo Strange Interlude isionyeshwe mjini kwake kwa kisingizio cha maadili. Waandaaji wakaihamishia Quincy. Tamthilia yenyewe ilichukua kama saa tano, na katikati ilikuwa na mapumziko ya chakula cha jioni. Watazamaji wa Boston, watu wenye nafasi zao, wakatoka wakiwa na njaa katika mji wasioujua, na mgahawa wa Johnson ulikuwa karibu. Wakarudi kwao wakiusifia. Sijui kama yupo mfanyabiashara mwingine aliyenufaika kiasi hicho na mhakiki wa maadili.

Mwaka huohuo soko la hisa likaporomoka, na ndoto ya kufungua migahawa zaidi ikakwama kwa kukosa mkopo. Johnson alitafuta njia ya kukua kwa fedha za wengine. Mwaka 1935 alimshawishi rafiki yake, Reginald Sprague, ajenge mgahawa Orleans, kwenye rasi ya Cape Cod, autumie kwa jina la Howard Johnson. Sprague angekuwa mwenye mgahawa. Johnson angempa jina, utaratibu wa kazi, na zaidi ya yote angemuuzia aiskrimu na vyakula. Leo mpango wa namna hiyo ni jambo la kawaida, lakini wakati ule wa mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa jambo geni katika biashara ya migahawa, na ndio uliozaa mnyororo. Kufikia 1939 kulikuwa na migahawa 107 kandokando ya barabara za mashariki ya Marekani.

Kandokando ya barabara, ndiyo. Wamarekani walikuwa wamepata magari lakini hawakuwa na mahali pa kuaminika pa kula safarini. Mtu aliyetoka Boston kwenda Florida na watoto nyuma ya gari hakujua jiko la kijiji kinachofuata ni safi au chafu. Johnson akampa kitu anachokijua. Paa lilipakwa rangi ya chungwa iliyokolea ili dereva alione kwa mbali apate muda wa kupunguza mwendo; juu yake kikawekwa kijumba cha mapambo chenye kionyesha upepo. Ndani, kila kitu kilikuwa na kanuni yake. Wafanyakazi walipewa kitabu cha maelekezo ambacho watu walikiita Biblia ya Howard Johnson. Chakula kilitayarishwa kwenye majiko makuu ya kampuni, kikasambazwa kwa malori, mgahawani kikapashwa au kukaangwa. Msafiri aliyekula chaza Massachusetts alitarajia kula chaza walewale majimbo kadhaa mbele, na aliwapata.

Barabara ya kulipia ya Pennsylvania ilipofunguliwa Oktoba 1940, Johnson ndiye aliyepata haki ya kulisha wasafiri wake. Halafu vita vikaja. Petroli na sukari vikagawiwa kwa kadi, watu wakaacha kusafiri, na kufikia 1944 ilibaki migahawa 12 tu. Kampuni iliponea kwenye kupika chakula cha wafanyakazi wa viwanda vya vita na cha askari waliokuwa mafunzoni. Baada ya vita ikapanda tena kwa kasi: mwaka 1954 ilikuwa na migahawa 400 katika majimbo 32, na mwaka huo ikafungua hoteli yake ya kwanza ya kulaza wasafiri wenye magari, huko Savannah, Georgia.

Huo ndio upande wa historia unaopendwa. Wapenzi wa mgahawa huu wana mengi ya kuonyesha: menyu za watoto, vikeka vya mezani, picha za mapaa, sare za wahudumu. Lakini kuna siku moja ya Oktoba 1957 ambayo kwa msomaji wa Kiafrika ina uzito kuliko ladha zote 28.

Siku hiyo Komla Agbeli Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, alikuwa njiani kwenda Washington. Ghana ilikuwa na miezi saba tu ya uhuru. Alikuwa pamoja na katibu wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi mpigania amani aliyekuwa amehamia Ghana. Walisimama mjini Dover, jimbo la Delaware, wakaingia kwenye mgahawa wa Howard Johnson, wakaagiza juisi ya machungwa. Wakahudumiwa, wakalipa, kisha wakaambiwa watu wa rangi yao hawaruhusiwi kuketi kunywa humo ndani. Wachukue juisi yao waende zao. Gbedemah alimwita msimamizi, akajitambulisha, akaonyesha vitambulisho vyake. Haikusaidia. Akaiacha juisi, akaiacha na chenji, akatoka akiahidi kwamba jambo hilo halijaisha.

Halikuisha. Gbedemah aliwaeleza waandishi wa habari kilichomkuta, na habari ikaenea dunia nzima. Aliwakumbusha kwamba Richard Nixon, Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa mgeni nyumbani kwake Accra wakati wa sherehe za uhuru mwezi Machi mwaka huohuo. Kama Makamu wa Rais anaweza kula mezani kwake, inakuwaje yeye asiweze kula Dover? Ilikuwa majuma machache tu baada ya Rais Eisenhower kupeleka askari Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi weusi tisa waweze kuingia shule. Na tarehe 4 Oktoba Warusi walikuwa wamerusha setilaiti ya Sputnik. Washington haikuwa na hamu ya aibu nyingine. Tarehe 10 Oktoba Eisenhower alimkaribisha Gbedemah kifungua kinywa Ikulu, Nixon naye akiwepo, akamwomba radhi. Mazungumzo yakageukia bwawa la umeme la mto Volta, mradi ambao Ghana ilikuwa ikiutafutia fedha.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kukikumbuka kisa kile cha Dover. Bill Sutherland, aliyenyimwa juisi pamoja na bosi wake, baadaye aliondoka Ghana akahamia Dar es Salaam, akaishi Tanzania miaka mingi katika zama ambazo mji huo ulikuwa kimbilio la wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandaa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lililofanyika humo mwaka 1974.

Wapo watakaosema kisa cha Dover ni kosa la msimamizi mmoja, siku moja, katika mnyororo mkubwa wa wenye migahawa tofauti tofauti. Lakini miaka mitano baadaye Waziri wa Ghana hakuwepo na mlango ulikuwa bado umefungwa. Mwaka 1962 shirika la haki za raia la CORE, likiongozwa na James Farmer, lilianzisha kampeni ya barabara kuu iliyoulenga hasa mnyororo huu katika jimbo la North Carolina. Mjini Durham waandamanaji walirudi kwenye maegesho ya mgahawa wa Howard Johnson mwaka 1962 na tena 1963, wakiketi, wakiimba, wakikamatwa kwa mamia. Kaskazini, wanafunzi wa Chicago walisusia na kusimama na mabango nje ya migahawa yenye jina hilohilo kuwaunga mkono wenzao wa kusini. Sheria ya Haki za Raia ya Julai 1964 ndiyo iliyomaliza ubishi kuhusu nani aketi wapi.

Jambo la kushangaza ni kwamba uleule mpango uliokuwa ujanja wa Johnson, wa paa moja na kanuni moja kuanzia kaskazini hadi kusini, ndio uliompa mpinzani wake silaha. Mgahawa mmoja wa kijijini unaobagua ni habari ya kijiji. Mnyororo unaomhudumia mtu Massachusetts na kumfukuza Delaware chini ya paa la rangi ileile umejishitaki wenyewe.

Mwaka 1959 mwanzilishi alimkabidhi uongozi mwanawe, Howard Brennon Johnson, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30. Mwaka 1961 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwa umma. Katika kipindi hicho jiko lilipata wageni wawili wasiotarajiwa: Pierre Franey na Jacques Pépin, wapishi Wafaransa waliotoka Le Pavillon, mgahawa wa kifahari wa New York. Pépin alikuwa amepewa nafasi ya kupika Ikulu kwa Rais Kennedy, akaikataa, akaenda kujifunza kugeuza nyama za hambaga kwenye mgahawa wa Howard Johnson wa Queens. Kazi yao ilikuwa kuboresha vyakula vya majiko makuu. Waliondoa majarini wakaweka siagi, wakaondoa vitunguu vilivyokaushwa wakaweka vitunguu vibichi, kisha wakarudia pishi lilelile kwa kiwango kikubwa zaidi na zaidi mpaka likakubali kupikwa kwa maelfu ya watu bila kuharibika. Pépin alikaa karibu miaka 10. Amekuwa akisema mara kwa mara kwamba huko ndiko alikoijua Marekani.

Johnson mzee alifariki Juni 1972, New York. Mwaka uliofuata mgogoro wa mafuta ukaanza, na kampuni iliyotegemea watu walio barabarani kwa sehemu kubwa sana ya mapato yake ikabaki ikitazama maegesho matupu. Lakini mafuta peke yake hayakuiangusha. Migahawa ya hambaga ilikuwa imekuja na chakula cha haraka na rahisi zaidi. Mkazo wa uongozi mpya ukawa kubana matumizi. Majengo yakachakaa, huduma ikazorota, na mteja aliyekuwa akisimama kwa sababu ya ubora akakosa sababu ya kusimama. Kuna ukweli mkavu hapa: biashara iliyojengwa kwa kuongeza mafuta ya maziwa ilikufa kwa kupunguza hiki na kile. Mwaka 1979, ikiwa na migahawa zaidi ya 1,000 na hoteli zaidi ya 500, familia ilikubali kuiuza kwa kampuni ya Imperial ya Uingereza kwa dola milioni 630. Kufikia 1985 Waingereza nao wakaiuza kwa Marriott, kwa karibu nusu ya bei hiyo. Marriott ilitaka viwanja vilivyokaa vizuri barabarani, mapaa haikuyahitaji.

Tangu hapo jina lilikwenda upande mmoja na mapishi upande mwingine. Jina liko hadi leo kwenye hoteli zilizo chini ya Wyndham, ambazo aiskrimu si kazi yake. Migahawa iliachwa kwa wenyeji waliokuwa wamekodi jina tangu enzi za familia, na hao, mmoja baada ya mwingine, wakafunga. Ule wa Times Square, kona ya Broadway na mtaa wa 46, ulifungwa mwaka 2005, na Pépin akaandika gazetini kuuaga. Wa Lake Placid ukafungwa mwaka 2015, wa Bangor huko Maine mwaka 2016. Wa mwisho, ule wa Lake George, New York, uliojengwa mwaka 1953, ulifunga milango 2022. Mnyororo ulioanza na kaunta ya soda ulibakiza miaka mitatu tu kufikisha karne.

Nani basi amebeba historia yake? Wamiliki wa jina? Hapana, wao wanauza vitanda. Aliyefanya kazi ya mtafiti ni mwanahistoria wa Boston, Anthony Mitchell Sammarco, aliyetoa kitabu kizima kuhusu mgahawa huu mwaka 2013. Sinema nayo ilisaidia bila kukusudia: katika filamu ya Stanley Kubrick ya 1968, 2001: A Space Odyssey, jina la Howard Johnson limo hata ndani ya kituo cha anga. Na wapo wapenzi wanaozunguka barabara za zamani wakipiga picha majengo. Ukijua umbo la paa huwezi kukosea, hata likipakwa kijivu na chini yake pakawa benki au duka la simu.

Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, ila ina upogo. Vinavyohifadhiwa kwa urahisi ni vitu vya kupendeza, na vitu vya kupendeza vilikusanywa na wale waliokaribishwa ndani. Mtoto aliyekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari akisubiri paa la chungwa ana sanduku la kumbukumbu. Mtoto mweusi wa Durham ambaye wazazi wake walipita bila kupunguza mwendo, wakiwa na chakula chao kwenye kikapu, hana menyu ya kuweka kabatini. Ndiyo maana naona maonyesho yoyote ya mgahawa huu yanayoishia kwenye ladha 28, yakaiacha juisi ya Dover, ni tangazo la biashara lililochelewa. Kwa upande mwingine, anayetaka kuutaja kwa ajili ya ubaguzi tu naye anawadhulumu wahudumu na wapishi waliolisha watu vizuri kwa miaka mingi. Hesabu ya haki ina vyote viwili kwenye ukurasa mmoja.

Tena kuna kundi ambalo halijasikika sawasawa: watu wa jikoni na wa kaunta. Tunajua Pépin alipika nini kwa sababu ni Pépin, na ameandika vitabu. Aliyeosha vyombo nyuma yake, dereva wa lori la aiskrimu, msichana wa miaka 17 aliyekariri ladha 28 kabla ya kupewa sare, mpishi mweusi wa kusini aliyepika chakula ambacho ndugu zake hawakuruhusiwa kukila mezani: hao ndio wanaojua Biblia ile ya kampuni ilifuatwa wapi na kuvunjwa wapi. Picha za mapaa zinatosha sasa. Hao ndio wa kufuatwa, kwa kinasa sauti na orodha fupi ya maswali, na majibu yao yapelekwe kwenye maktaba za miji walikofanya kazi, kuanzia Quincy hadi Durham.

Na haraka inahitajika. Gbedemah alifariki 1998, Sutherland 2010. Aliyekuwa na miaka 20 akihudumu kaunta mwaka 1962 sasa amevuka 80.